Ukungu wa Isyonje na AC ya Carina

Huku Mbeya ukimwambia mtu unatafuta fundi wa AC ya gari anakuangalia mara mbili, AC ya nini na baridi hili. Na mi ndo nilivyokuwa naamini. Carina yangu ya mwaka 1996 niliinunua mkononi mwa mtu, kitufe cha AC kipo pale kwenye dashibodi na karibu miaka miwili sikukigusa, nikajua hayo ni mambo ya watu wa Dar na joto lao.

Aprili 2018 nikawa namrudisha mama Kyela, alikuja kula Pasaka kwetu. Mama mbele, mdogo wangu wa kike nyuma na wanawe wawili. Tumetoka mchana mvua inanyesha, Uyole, Igawilo, hadi hapo hamna shida, ila tulivyoanza kuupandisha mlima wa Isyonje mvua ikachanganyika na ukungu, madirisha yamefungwa, watu watano tunapumua humo ndani, na kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe. Kwa ndani. Waipa zinafanya kazi vizuri kabisa lakini mbele sioni kitu, nikiweka hita kinazidi, nikishusha dirisha mvua inampiga mama. Mama akavua khanga begani akawa ananifutia, anafuta upande wangu, ukihesabu mpaka kumi kimeshajaa tena, anafuta tena.

Kwenye kona moja nikaona madoa mawili ya njano yamekuja usoni kwangu, nikasikia honi, kumbe ni Fuso ya ndizi na mi nimeshaingia upande wake. Nikavuta kushoto kwa nguvu tairi zikashuka kwenye matope, Fuso ikapita, gari yetu ikatikisika yote. Tukasimama pale. Watoto kimya, hata yule mdogo ambaye huwa hanyamazi. Mama akasema "pole mwanangu, pumzika kwanza", afu akaendelea kufuta kioo, gari imesimama, yeye anafuta tu, mkono unamtetemeka.

Kiwira tukapumzika, nikamsimulia dereva mmoja wa Noah. Akanishangaa. "Kaka si uwashe AC? Hiyo ndo inakausha kioo." Nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, feni inapuliza, ila kioo vilevile. Tukashuka Tukuyu mpaka Kyela taratibu sana.

Niliporudi Mbeya nikapeleka gereji moja, sitaitaja. Fundi hakufungua chochote, akasema gesi imeisha, 80,000, akajaza, ikapuliza baridi safi nikashukuru. Wiki mbili hamna kitu. Nikarudi, akainama pale kwenye boneti dakika kumi, akasema sa hivi klachi, ile inayoiunganisha kompresa na injini, inavuta ila kompresa yenyewe, pampu ya kusukuma gesi, imekufa, nitafute ya mtumba. Bei aliyotaja sikuwa nayo, nikaondoka.

Jirani yangu ndo akanielekeza kwa mzee mmoja nyuma kidogo ya Mwanjelwa, mtu aliyeanza na mafriji ya mabucha miaka mingi kabla hajaingia kwenye magari. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza yote. Hakugusa gari kwanza. Akaniuliza, hiyo gesi waliyosema imeisha, imeenda wapi? Nikakosa jibu. Akasema, "Gesi ya AC haiungui kama petroli. Inazunguka humohumo ndani, miaka na miaka. Ukiona imepungua jua imetokea mahali, sasa ukijaza bila kupatafuta hapo mahali unajaza ndoo iliyotoboka."

Akafunga geji ya presha gari ikiwa imezimwa. Kwa hali ya hewa ya siku ile, akasema, mshale ungekaa kati ya psi 60 na 70, wenyewe ukasimama kwenye 10 na kitu. Afu akafuata waya za swichi ya presha, akanyamaza. Akaniita nikaangalie. Soketi ilikuwa imechomolewa na matundu yake mawili yameunganishwa kwa kipande cha waya. Ile swichi kazi yake ni kukata kompresa gesi ikipungua sana, kwa sababu oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi, gesi ikikosekana oili hairudi na kompresa inasagika yenyewe kwa yenyewe. Yule fundi wa kwanza aliiruka swichi ili klachi ivute mbele ya macho yangu. Mpaka leo likinijia nakasirika, maana ningeendelea kutembea hivo wiki nyingine kweli ningehitaji kompresa mpya, na yeye ndo angekuwa ameiua.

Mzee akachomoa kile kiwaya akakitia mfukoni, akarudisha soketi. Akachukua tochi akaanza kufuata mabomba, hana haraka kabisa. Alikuwa anatafuta vumbi. Panapovuja gesi panatoka na oili kidogo, oili inashika vumbi, kwa hiyo unatafuta sehemu yenye uchafu mweusi wa mafuta wakati jirani yake ni pakavu. Akapapata chini ya taa ya kushoto, bomba la alumini linapoingia kwenye kondensa, ile kama rejeta ya mbele inayopoza gesi. Akaingiza gesi kidogo, akapaka povu la sabuni kwa brashi ya kunyolea, tukasubiri. Kipovu kimoja kikatoka polepole, kikavimba, kikapasuka, kikaanza kingine palepale.

Akafungua ile nati kwa spana na ndani kukawa na oringi, kimpira chembamba kuliko pete. Kilikuwa kimekuwa bapa, kigumu, ukikikunja kinakatika kama ganda la haragwe kavu. Chanzo ni kutokuwasha, akasema. AC ikikaa miezi mipira haipati oili, inakauka. Hata Juni baridi ikiwa ya kung'ata, washa dakika kumi kila wiki.

Akabadilisha oringi zote za pale mbele na draya, kile kikopo kinachonyonya unyevu humo ndani, akafunga pampu ya kunyonya hewa. Mshale ukashuka ukagoma kwenye inchi 24 za zebaki, ndo kipimo cha hewa iliyonyonywa, kijana wake akasema mzee pampu imechoka, kwenye video nimeona inafika 29. Mzee akatikisa kichwa. Hiyo 29 ni ya pwani, huku tuko juu mita 1,700, hewa yenyewe ni nyepesi, 24 ndo mwisho wake. Tukaiacha dakika 45, akafunga, akasubiri nusu saa nyingine, mshale haukusogea. Gesi akaipima kwenye mizani ya dukani kufuata gramu za kibandiko cha kwenye boneti, hakukisia.

Tukawasha. Baada ya muda akanivuta nichungulie chini ya gari, maji yanadondoka tone tone. Akakinga kiganja, akanionesha. "Haya ndo yalikuwa kwenye kioo chako." Hewa inapita kwenye koili ya baridi, inaacha maji pale, ikija kiooni imeshakauka, na ukitaka uvuguvugu unawasha na hita hapohapo, zinafanya kazi pamoja.

Mwezi Mei nikamfuata mama tena. Kurudi, Isyonje ikatukuta na mvua ileile, na kioo kikaanza kuwa cheupe. Mama alikuwa ameshashika khanga. Nikabonyeza, nikaelekeza upepo kiooni, na uwazi ukaanza kupanda kutoka chini, nikaiona mistari ya barabara, afu miti, afu lori limewasha taa mbali kule kwenye upande wake. Mama akaangalia mpaka kioo chote kikawa safi. Akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, sijui ananiambia mimi au gari, akajitanda khanga yake begani.