Boti inazima ukitoa gia: nilivyoisaka hitilafu Nyumba ya Mungu

Mafundi wengi wa Moshi tumekulia kwenye Noah na Fuso. Injini ikizima ghafla, mkono unakwenda wenyewe kwenye plagi na koili. Ndivyo ilivyofanyiwa boti ya mzee mmoja anayetembeza wageni kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Aliponipigia simu, plagi, koili, rota na kifuniko cha distributa vilikuwa vimeshabadilishwa, na ugonjwa ni uleule.

"Fundi, nimechoka kununua vifaa. Inawaka vizuri, inakimbia vizuri. Nikifika gatini nikitoa gia, inazima."

"Shikamoo mzee. Usinunue kitu kingine, nakuja."

Hayo maneno "nikitoa gia" yalinitosha kujua pa kuanzia. Koili mbovu huzimisha injini ikipata moto au ikibeba mzigo. Haisubiri mtu ashike mkono wa gia.

Boti yenyewe ni ya injini ya petroli ya kabureta iliyokaa ndani, na mguu wenye gia na propela unaning'inia nje nyuma, aina ya MerCruiser Alpha One. Mguu huo hauna klachi kama ya gari. Gia hushikana kwa meno, na injini ikiwa inasukuma, meno hukazana kiasi kwamba kuyaachanisha kwa mkono ni kazi. Kwa hiyo wameweka swichi ndogo kwenye bamba zinapokutania kebo za gia. Ukitoa gia na kebo ikakutana na ugumu, swichi inabonyezwa, inakata moto wa plagi kwa kufumba na kufumbua, meno yanalegea, gia inatoka, moto unarudi. Dereva hasikii kitu zaidi ya injini kujikwaa kidogo. Sasa kebo ikiwa ngumu yenyewe, swichi inabaki imebonyezwa kuliko inavyotakiwa, na injini inazima moja kwa moja. Tatizo ni la gia, ila linajionyesha kwenye moto.

Nilitaka kupima kulekule bwawani. Uani unaweza kuiwasha kwa kuifunga mpira wa maji kwenye mguu (ukiiwasha kavu, mpira wa pampu ya maji unaungua mara moja), lakini propela isiyosukuma maji haiyapi meno mzigo, na hitilafu kama hii inaweza kujificha kabisa. Basi tukashika barabara ya Dar, tukaacha lami upande wa kulia, vumbi mpaka majini.

Kwanza nilichomoa nyaya mbili za ile swichi na kuzifunga tepu zisigusane. Tukaingia majini, mzee akaweka gia ya mbele, akaitoa. Injini haikuzima, ila mkono wa gia ulimtoa jasho. Hapo mashaka yote juu ya koili yakaisha. Akauliza, "Si tuiache hivyohivyo?" Nikakataa. Ukiendesha bila swichi hiyo unalazimisha meno kila unapotoa gia, na meno yakiliwa utafungua mguu mzima, gharama ambayo kebo haiikaribii.

Kebo ziko mbili: moja inatoka kwenye usukani hadi kwenye bamba, nyingine inatoka kwenye bamba, inapita ukuta wa nyuma wa boti na kuingia mguuni. Injini ikiwa imezimwa, nilifungua ile ya usukani kwenye bamba, tukasukuma mkono wa gia: ulikwenda kwa vidole viwili. Basi mgonjwa ni ile ya chini, inayoingia mguuni. Hiyo hukaa majini, ganda lake likipasuka maji yanaingia, waya wa ndani unashika kutu. Wapo wanaoimiminia oili; inalainika, kisha inarudi palepale.

Kebo mpya iliagizwa Dar ikaja na basi. Mguu wa aina hii unashushwa ukiwa kwenye gia ya mbele, na hurudishwa hivyohivyo. Ukisahau utavuta mpaka giza liingie. Jeki za haidroliki zinazoinua mguu zinafunguliwa, kisha nati sita za spana ya inchi 5/8. Mpira unaozuia maji kwenye kebo nao nilibadilisha, maana mguu ukishashuka ni uchoyo tu kuuacha wa zamani. Kurekebisha urefu wa kebo ndiko kulikokula muda. Ufunguo wa injini ulikaa mfukoni mwangu, dogo anayenisaidia kazi akazungusha propela kwa mkono huku mimi nasukuma gia, mpaka mbele ikashika, rivasi ikashika, na katikati propela ikazunguka huru pande zote. Kigurudumu kinachobonyeza swichi kikakaa katikati ya pengo lake, nikarudisha nyaya zake.

Kuna jambo jingine nililikuta, na lilinikera kuliko kebo: stata ilikuwa ya gari. Inafunga, inazungusha, na ni rahisi, najua. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya boti, na stata ya gari hurusha cheche wazi. Za boti zimezibwa cheche zisitoke, vivyo hivyo altaneta na distributa. Nilimwambia mzee hapakii wageni mpaka ibadilishwe, na feni ya kutoa mvuke iwashwe angalau dakika nne kabla ya ufunguo. Alinung'unika bei, akaagiza. Stata ilipofika tuliifunga asubuhi, mchana akaenda gatini na kurudi, akitoa gia na kuingiza apendavyo.