Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Soko la Umeme wa Masafa Marefu Nikiwa Nairobi

Saa 12 asubuhi. Nikiwa kwenye matatu kutoka Rongai, ninasoma upya ukurasa wa kwanza wa ripoti ninayopaswa kuiwasilisha leo alasiri. Wadhamini wa mfuko mmoja wa pensheni wanataka kujua kama sehemu ya akiba ya wanachama iwekezwe katika njia za kusafirisha umeme kwa mkondo mnyoofu (umeme unaokwenda upande mmoja tu bila kugeuka) wenye volti kubwa, yaani teknolojia ileile inayouleta umeme wa Ethiopia hadi Suswa, katika kaunti ya Narok. Fedha hizo zimekatwa kwenye mishahara ya watu kila mwezi kwa miaka mingi, na haitoshi niwaeleze tu kwamba teknolojia yenyewe ni nzuri.

Saa 2. Ofisini Upper Hill, naanza na soko la dunia. Tangu Sweden ilipokiunganisha kisiwa cha Gotland kwa kebo ya megawati 20 mwaka 1954, teknolojia hii imekua hadi kuzaa njia ya Changji–Guquan nchini China, iliyoanza kazi mwaka 2019, ambayo inaweza kubeba megawati 12,000 kwa umbali wa takriban kilomita 3,300. China inauhamisha umeme wa magharibi kuupeleka kwenye miji ya mashariki, na Ulaya inalaza kebo chini ya bahari ili umeme wa upepo ufike nchi kavu. Oda zimevizidi viwanda. Nje ya China, vituo vya kugeuza umeme wa kawaida kuwa mkondo mnyoofu, na kuurudisha tena, hutengenezwa hasa na Hitachi Energy, Siemens Energy na GE Vernova, na mnunuzi anayefika leo hupangwa kwenye foleni ya miaka. Kwa mtengenezaji hiyo ni habari njema. Kwa nchi inayokopa kwa dola, maana yake ni bei ya juu na tarehe ya kukamilika ambayo haiko mikononi mwake.

Saa 4. Binti aliye katika mafunzo ya kazi ofisini kwetu anauliza kwa nini basi njia ya Kenya na Tanzania, kutoka Isinya hadi Singida, ilijengwa kwa mkondo geu, yaani umeme wa kawaida unaogeuka upande mara nyingi kwa sekunde, wa kilovolti 400. Ni swali zuri, na jibu lake nimeliingiza kwenye ripoti. Mkondo mnyoofu unahitaji kituo cha gharama kubwa kila upande, lakini nyaya zake ni chache na umeme unaopotea njiani ni mdogo kuliko wa mkondo geu, kwa hiyo nchi kavu gharama huanza kurudi umbali unapofika kilomita 600 hadi 800. Njia ya Ethiopia na Kenya ina kilomita 1,045, na ya Isinya ina takriban 510 tu, tena mkondo geu huruhusu miji iliyo njiani kuchukua umeme kwa gharama nafuu. Zaidi ya hayo, mkondo mnyoofu huziunganisha gridi mbili bila kuzilazimisha kwenda mapigo sawa, hivyo hitilafu ya upande mmoja haivuki kirahisi kwenda upande wa pili.

Saa 6 mchana. Ninazungumza kwa simu na mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha kuongozea gridi, na hapa ndipo ripoti yangu inapopata uti wa mgongo. Njia ya Suswa inaweza kubeba megawati 2,000. Mkataba wa Kenya kununua umeme wa Ethiopia, uliotiwa saini mwaka 2022, wa miaka 25 na bei ya senti 6.5 za dola kwa kilowati-saa, ulianza na megawati 200, zipande hadi 400 baada ya miaka mitatu. Watu wengi huona pengo hilo wakadhani ni uzembe. Mhandisi ananikumbusha kwamba mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na kwamba chanzo kikubwa kikikatika ghafla, lazima umeme mwingine uzibe nafasi yake ndani ya sekunde chache, la sivyo giza husambaa. Kwa hiyo kiasi tunachoweza kununua huamuliwa na uimara wa gridi inayopokea: mitambo ya akiba iliyo tayari kuzalisha umeme, betri, na njia za kawaida zinazoizunguka Nairobi.

Saa 7. Chapati na ndengu, haraka.

Saa 8. Ninaandika upya sehemu ya Afrika Mashariki. Ethiopia ilizindua bwawa kuu la Mto Abay (Nile ya Buluu) mnamo Septemba 2025, lenye uwezo wa megawati 5,150, na mwaka huohuo Tanzania ilitangaza nia ya kununua umeme wake kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Kwa maoni yangu, soko lililo karibu nasi ni kuijaza njia iliyopo kabla ya kujenga nyingine.

Saa 9 alasiri. Wadhamini wamefika. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, anasikiliza hadi mwisho ndipo anauliza: "Dada, laini hiyo ikikaa bila umeme, ni nani atakayetulipa?"

"Mzee, mikataba ya aina hii mara nyingi humlipa mwekezaji kwa kuwa njia ipo na iko tayari, iwe imetumika au haikutumika."

"Basi anayelipa ni mwenye bili ya stima, na wanachama wetu wamo humo."

Ninakubaliana naye kabisa. Ninawaeleza pia habari za njia ya Cahora Bassa, iliyojengwa miaka ya 1970 kutoka Msumbiji hadi Afrika Kusini, kilomita 1,420, ambayo ilihujumiwa vitani ikakaa miaka mingi bila kazi. Mitambo ilikuwa bora, na mnunuzi alikuwepo.

Saa 11 jioni. Ninarudi mezani kuandika pendekezo. Mfuko usiahidi fedha kwa njia mpya ya mkondo mnyoofu mpaka mnunuzi awe ametia saini kwa kiasi ambacho gridi yake inaweza kukipokea salama, na athari ya malipo hayo kwenye bili ya nyumbani iwe imeonyeshwa kwa shilingi. Kwa sasa waangalie njia fupi za kilovolti 220 na 400 ndani ya nchi, pamoja na betri. Nimeiweka sentensi hiyo ukurasa wa kwanza, na takwimu za China nimezihamishia kwenye kiambatisho.