Nilivyofanya viini macho vifanye kazi kwenye D&D

Wakuu, kama unaendesha D&D (ule mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, wewe ndo msimuliaji) na kila ukiweka kiini macho, yaani kitu cha uongo cha kichawi, watu wanakishtukia hapo hapo, soma hii. Sisi tunacheza wikiendi Sinza, sasa nikisema tu "hebu rusha dadu" meza nzima inajua kuna uongo, hata aliyepata namba ndogo anagoma kusogea. Nikajaribu kuwarushia mwenyewe kwa siri, wakasikia dadu inagonga. Nikapandisha DC, ile namba ya kufikia kwenye dadu, wakaboreka tu.

Kilichosaidia, siombi tena dadu. Sheria za toleo la 5 zinasema anayekagua anatumia akshen yake (tendo lake la zamu), anarusha dadu ya Intelijensi (uchunguzi) dhidi ya DC ya mchawi aliyekitengeneza, kwa hiyo nasubiri mchezaji mwenyewe aseme anakagua, au arushe jiwe lipite katikati. Silent Image, uchawi wa kutengeneza picha tupu, haina sauti wala harufu, basi simba wangu wa uongo nikamwelezea manyoya, meno, mate yanavyodondoka, ya sauti sikuyagusa. Na hapa ndo penyewe: vitu vya kweli navielezea kwa urefu ule ule, maana ukirefusha cha uongo peke yake wanakunusa.

Juzi dada mmoja akauliza, "kaka, mbona ananguruma hatumsikii?" Akakagua, akapata, akawa anaona ukuta kupitia tumbo la simba, wenzake bado wanakimbia. Aisee nilifurahi mno.