Mafuta ya Damu Tuliyorithi

Marehemu ami yangu alikuwa na vinundu vigumu nyuma ya miguu, juu kidogo ya visigino, na sisi sote pale Langoni, Lamu, tulidhani ni alama za kutembea pekupeku, mpaka moyo wake uliposimama akiwa na miaka 44. Kumbe ilikuwa kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu, iliyojikusanya kwenye kano.

Nilipopimwa, kolesteroli yangu mbaya, yaani LDL, ilikuwa 6.8 mmol/L, na kwa mtu mzima, kuanzia 4.9 daktari hushuku ugonjwa wa kurithi. Ini huiondoa LDL kwenye damu kwa vipokezi vyake, yaani protini zinazoinasa, jambo walilolifumbua Michael Brown na Joseph Goldstein, waliotunukiwa Nobel mwaka 1985, na mwenye jeni yenye kasoro huwa na vipokezi pungufu hata akiwa mwembamba. Kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kumtibu mmoja na kuwaacha nduguze bila kupimwa.

Nameza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kila usiku, na LDL imeshuka hadi 3.4, ingawa daktari anataka ishuke zaidi. Binti yangu wa miaka 9 alitolewa damu juzi, akaniuliza, "Baba, nami nitameza kidonge chako?" Majibu yatatoka Jumatatu.