Masalia ya mezani na uhai wa mbwa wa nyumbani

Katika nyumba nyingi za Tanzania mbwa hula kilichobaki: ukoko wa wali, mchuzi wa jana, ugali na mifupa. Desturi hiyo yenyewe siipingi, kwa kuwa hata mbwa wangu wawili hapa Dodoma hula ugali kwa dagaa. Ninachopinga ni kummiminia mbwa masalia ya sufuria bila kujiuliza yalipikwa kwa viungo gani.

Nianze na kitunguu, kwa sababu ni nadra kupika mchuzi bila hicho. Kitunguu maji, na zaidi yake kitunguu saumu, vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuvichemsha, kuvikaanga au kuvikausha hakuiondoi sumu hiyo. Kitunguu maji kinachofikia asilimia 0.5 ya uzito wa mbwa, kikiliwa kwa mara moja, kinaweza kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni gramu 100, yaani kitunguu kimoja cha wastani. Ubaya zaidi ni kwamba dalili huchelewa. Siku kadhaa zinaweza kupita kabla ya ufizi kupauka, pumzi kwenda mbio na mkojo kuwa mwekundu au wa kahawia, na kufikia hapo mwenye mbwa amekwisha kuusahau ule mchuzi, anahangaika kutafuta kupe mwilini mwa mnyama akidhani ni ugonjwa wa kupe.

Hata hivyo, ninaloliogopa kuliko yote ni mahindi yenye kuvu. Tunapochambua mahindi, yale yaliyovunda hutengwa kando na kuitwa ya mbwa, ilhali mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu hao. Sumu hii hushambulia ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo sioni kwa nini tuamini kwamba punje tunazozikataa sisi zinamfaa mnyama anayelala mlangoni petu. Mbwa aliyedhurika hukataa chakula, hutapika, hulegea, na baadaye macho na ufizi huwa vya manjano.

Kwa sisi wa Dodoma lipo pia suala la zabibu, mbichi na kavu, ambazo zinaweza kuharibu figo za mbwa. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama nchini Marekani walieleza kwamba huenda chanzo ni asidi ya tatariki, na kwa kuwa ukwaju nao una asidi hiyo kwa wingi, na wapo mbwa walioharibika figo baada ya kuula, makapi ya juisi ya ukwaju yasitupwe mahali mbwa anapofika. Chokoleti, hasa ile nyeusi, huvuruga moyo na kuleta degedege. Bazoka zisizo na sukari mara nyingi hutiwa zailitoli, kitu cha kuleta utamu badala ya sukari, ambayo inaweza kushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja.

Maandalizi ya dharura yafanyike mbwa akiwa mzima. Daktari wa mifugo wa karibu huenda amezoea ng'ombe na kuku, hivyo muulize mapema kama hutibu mbwa, kama hupokea simu usiku, na kama sivyo, akuelekeze kwa nani. Zungumza pia na dereva wa bajaji aliye tayari kubeba mbwa, kwa sababu wengi hukataa, na saa nane za usiku si wakati wa kubembelezana. Jua uzito wa mbwa wako: panda mizani ukiwa umempakata, kisha utoe uzito wako.

Akila sumu, mwondolee kilichobaki, tazama saa, na umpigie daktari ukimweleza amekula nini, kiasi gani na ana kilo ngapi, bila kusubiri dalili. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula, ambavyo watu wengi hukimbilia, kwani haviondoi sumu na vinaweza kumpalia hadi mapafuni. Chumvi ya kumtapisha ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa dawa anaoutumia daktari. Asitapishwe bila agizo la daktari, na kamwe asitapishwe akiwa amelegea, ana degedege au amekunywa mafuta ya taa. Mbwa mwenye maumivu huweza kumng'ata hata anayemlisha, kwa hiyo mfunike kwa blanketi unapombeba, lakini usimfunge mdomo ikiwa anatapika. Chukua pakiti ya alichokula na matapishi kidogo katika mfuko, uende navyo kwa daktari.