Mwaka nilioacha kualika wageni: uzoefu wangu katika kamati ya uanachama

Nilipokabidhiwa uenyekiti wa kamati ya uanachama katika klabu yetu ya Rotary, chama cha kimataifa cha watu wanaojitolea kuhudumia jamii, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, nilidhani kazi yangu ni kutafuta watu wapya. Ndivyo walionitangulia walivyoielewa. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai, na kila rais wa klabu hupenda kuufunga Juni akijivunia wingi wa watu waliovishwa pini, yaani waliopokewa rasmi kuwa wanachama, katika kipindi chake. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeandaa siku ya wageni hotelini, tukaalika jamaa, majirani na wateja wetu, na wiki chache baadaye tukawavisha pini watu 11 kwa mkupuo. Picha zilipendeza. Mwaka ulipogeuka, walikuwa wamebaki watatu.

Aliyenizindua ni mweka hazina wetu, mzee aliyestaafu uhasibu. Klabu hulipa ada makao makuu kwa kila jina lililomo daftarini tarehe 1 Julai na tarehe 1 Januari, tena ada hiyo hupangwa kwa dola, awe mwenye jina anahudhuria au hahudhurii. Mzee aliniita pembeni, akanifunulia ankara. "Binti yangu," alisema, "hawa wanane tunawalipia. Wewe mara ya mwisho ulimwona nani kati yao?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumeogopa kuyafuta majina yao ili klabu isionekane inakufa, na fedha tulizotumia kuilinda sura hiyo zingeweza kwenda kwenye simtanki la shule.

Niliomba ridhaa ya kutomwalika mtu yeyote kwa mwezi mmoja, nikaanza kuwapigia simu wale wanane. Karibu wote walisema kazi zimewabana, jambo ambalo nililichukua kuwa ni adabu tu, kwani kwetu si rahisi mtu kukwambia waziwazi kwamba ulimchosha. Nikabadili swali: sikuuliza tena kwa nini waliacha, bali niliwaomba wanisimulie siku ya mwisho waliyokuja ilikuwaje. Hapo wakafunguka. Mfamasia mmoja alinieleza kwamba alivishwa pini Oktoba, na hadi Machi kazi pekee aliyopewa ni kusimama kwenye picha. "Dada, nilikaa meza moja na watu waliojuana tangu ujana, wanataniana kwa mambo ambayo mimi sikuwapo. Nikala chakula cha bei ya matumizi yangu ya siku mbili nyumbani, nikaondoka." Mwingine alifiwa na mama yake. Wenzake wa kikoba walifika na turubai, masufuria na rambirambi, wakalala msibani. Kutoka kwetu ulikuja ujumbe mmoja wa simu, uliotumwa kwa kundi zima. Huyo hakuwa na hasira hata kidogo wakati akinisimulia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tulianza na chakula. Tangu mwaka 2016 kanuni za Rotary zinaziruhusu klabu kujipangia namna ya kukutana, mradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi, lakini sisi tulikuwa tumeendelea na mlo wa mchana wa kila wiki kana kwamba hatujasikia. Tukapunguza mikutano ikawa miwili: mmoja ukabaki hotelini, kula kukiwa ni hiari ya mtu, na wa pili ukahamia kwenye mradi wetu wa kuvuna maji ya mvua katika shule ya msingi, ambako tulikunywa chai kwa maandazi kwenye madawati ya wanafunzi. Huko ndiko ulipojulikana upungufu wetu. Paul Harris alipoanzisha Rotary mjini Chicago mwaka 1905, wazo lilikuwa kukusanya watu wa kazi mbalimbali, na kwa muda mrefu klabu haikuchukua zaidi ya mmoja kwa kila kazi. Sisi tulikuwa na mawakili wanne, na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejua gata ifungwe kwa mwinamo gani ili maji yasirudi ukutani. Fundi bomba tuliyemlipa siku ya kwanza alirudi siku ya pili bila kuitwa, na baada ya miezi mitatu tukamwalika awe mwanachama, akilipa ada yake kidogo kidogo kila mwezi. Wazee wawili walinung'unika kwamba tunashusha hadhi ya klabu, wakahamia kwingine. Sikuwabembeleza, ingawa mmoja wao ninamkosa hadi leo.

Tangu hapo mgeni havishwi pini kabla ya kuhudhuria mikutano mitatu na siku moja ya kazi, na ndani ya mwezi wake wa kwanza lazima awe na jukumu lenye jina lake. Hupewa pia mlezi, ambaye hawezi kuwa yule aliyemleta, maana rafiki humfichia rafiki yake utoro. Asipoonekana mara mbili mfululizo, mlezi humpigia kumjulia hali, bila kutaja mahudhurio. Sanduku la faini, ambalo zamani lilikuwa la kuwatania waliochelewa, limekuwa mfuko wa misiba na wagonjwa, na mweka hazina ndiye anayehakikisha mtu anakwenda mwenyewe na bahasha mkononi.

Mwaka huo tuliingiza wanachama wanne tu, na rais wetu hakufurahi aliposoma taarifa yangu ya Juni. Wote wanne bado wapo. Kati ya wale wanane, mfamasia amerudi na ndiye mlezi wa fundi bomba. Saba hawajarudi, na wawili kati yao hawapokei simu yangu.