Leamington, kwa wachuma nyanya wa Meksiko

Jumamosi iliyopita nimeenda Leamington, mji mdogo kusini kabisa mwa Ontario karibu na ziwa Erie. Nyanya za huko nazila kila wiki na sikuwahi kujiuliza nani anazichuma. Jirani yangu hapa Toronto ni Mmeksiko, alikuwa anampelekea mjomba wake koti la baridi na dawa za mgongo, nikamwambia twende wote. Barabara ya 401 imenyooka mpaka usingizi ukanibeba, nashtuka naona mabanda ya vioo heka kwa heka, ndani nyanya tupu.

Mjomba alitufuata mjini na baskeli, mzee wa hamsini na kitu, kwao Tlaxcala. Shikamoo ilinijia mdomoni kabisa. Nikampa mkono, viganja vyake vina weusi wa kijani nikadhani grisi, kumbe utomvu wa majani ya nyanya, anasema anasugua na sabuni maji yanatoka ya kijani lakini ngozi haitakati mpaka arudi kwao. Kutwa nzima yuko juu ya kitoroli kirefu kinachopita kwenye mabomba ya maji moto, anaviringisha mashina kwenye kamba, jasho linamchuruzika hata nje kukiwa na theluji.

Huu ni msimu wake wa 19. Mpango wa kuwaleta ni wa serikali na serikali, Meksiko iliingia 1974, mkataba hauzidi miezi 8 na ikifika 15 Desemba lazima uwe umeshaondoka. Pigeni hesabu jamani, huyu mzee kaishi Kanada karibu miaka 12 ukijumlisha na bado anahesabiwa mgeni, watoto wamekulia kwenye simu.

Kilichoniuma zaidi ni mgongo wake. Kibali chake ni cha mwajiri mmoja tu, na huyo huyo mwajiri ndo anayemuomba kwa jina mwaka unaofuata, sasa mtu ataanzaje kusema anaumwa? Mwaka jana aliinama vibaya akanyamaza, akamaliza msimu hivohivo. Zile dawa alizitoa kwenye boksi, akazifunga ndani ya soksi, soksi akaisokomeza mfukoni mwa koti jipya, maana chumbani wanalala wengi na maneno hufika ofisini.

Tutarudi Novemba kabla hajaondoka. Ameagiza sabuni ya unga, ile yenye chenga, kwa ajili ya mikono.